Kabla ya kura, jua nani anachuja majina

UCHAGUZI wa bodi ya chama cha ushirika mara nyingi huamuliwa kabla mwanachama hajashika karatasi ya kura. Huamuliwa siku kamati ya uteuzi inapokaa kupitia fomu za waombaji na kukata majina. Mkulima aliyefunga safari kwenda mkutano mkuu anakuta majina matatu kwa nafasi tatu. Hapo anapiga kura, lakini hachagui.

Kamati hiyo ina kazi yake. Bodi inashika akiba, mikopo na malipo ya mazao ya watu. Mdaiwa sugu au mtu asiyejua kusoma mizania hafai kukabidhiwa fedha hizo, hata kama anapendwa kijiji kizima.

Waingereza walijifunza kwa gharama kubwa. Chama chao kikubwa cha ushirika, Co-operative Group, kilipata hasara ya pauni bilioni 2.5 mwaka 2013, sehemu kubwa ikitokana na benki yake. Novemba mwaka huo, aliyekuwa mwenyekiti wa benki hiyo, Paul Flowers, ambaye alikuwa mchungaji, aliulizwa na kamati ya Bunge thamani ya mali za benki. Alijibu pauni bilioni 3, wakati zilikuwa bilioni 47.

Mwaka 2014 wanachama walikubali mabadiliko, ukiwamo mchujo mkali wa sifa za wagombea. Lakini mwaka 2015, katika uchaguzi wa wajumbe watatu wanaotokana na wanachama, mchujo ulibakiza majina matatu tu. Wanachama wakalalamika kwamba wameondokana na bodi isiyojua kazi, na sasa wamenyimwa nafasi ya kuchagua.

Kura ya hapana

Nchini Marekani yalitokea makubwa zaidi. REI, ushirika wa kuuza vifaa vya kupanda milima na kupiga kambi ulioanzishwa Seattle mwaka 1938, una wanachama zaidi ya milioni 20. Mwaka 2025 wagombea waliotakiwa na chama cha wafanyakazi hawakuingizwa katika orodha ya kura. Bodi ikaleta watu wake watatu kwa nafasi tatu. Wafanyakazi wakawahimiza wanachama wawakatae, na Mei mwaka huo wote watatu wakakosa kura za kutosha.

Fundisho ni kwamba sifa zinaweza kuwa kinga ya chama, na zinaweza pia kuwa fimbo ya kuwachapia wapinzani. Kinachotofautisha ni nani ameiteua kamati. Ikiwa wajumbe wa bodi wanaotetea viti vyao ndio walioiteua, hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Yule aliyehoji bei ya pembejeo au posho za viongozi mwaka jana ndiye wa kwanza kuambiwa fomu yake ina kasoro.

Uliza mapema

Mwanachama wa SACCOS au wa chama cha mazao asisubiri siku ya kura. Aulize mapema: Je, kamati imechaguliwa na mkutano mkuu au na bodi? Je, kuna mjumbe wa kamati anayegombea, au ndugu wa mgombea? Je, vigezo vilibandikwa kabla ya fomu kutolewa? Je, aliyeenguliwa anapewa sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa?

Kigezo kizuri kinapimika. "Asiwe na mkopo uliochelewa kulipwa" kinaweza kuthibitishwa kwenye daftari. "Awe na mwenendo unaoridhisha kamati" ni mlango wa mizengwe.

Majibu yakiwa mabaya, dawa iko kwenye masharti ya chama. Hayo hupitishwa na kurekebishwa na wanachama wenyewe katika mkutano mkuu, na hapa Tanzania marekebisho husajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Wanachama wanaweza kuweka sharti kwamba wagombea wazidi idadi ya viti, na kwamba jina lililokatwa lirudishwe likiungwa mkono na idadi fulani ya wanachama.

Marekebisho hayo yafanyike mwaka usio na uchaguzi. Yakisubiri msimu wa kugombea, kila pendekezo litaonekana ni la kumbeba fulani, na litaishia palepale ukumbini.