Mabaki ya Mbao na Hatari ya Pepopunda



Ukitembea ufukweni mwa Ziwa Viktoria utaona mitumbwi chakavu. Wenyewe huivunja na kuchukua mbao zake. Huko Rubya, Ukerewe, na Buhindi, Buchosa, kuna mashamba ya miti. Wapasuaji wa mbao huacha mabanzi. Mabaki haya yana faida. Tunayatumia kupikia, kubanikia samaki na kujengea uzio. Lakini yasiposhikwa kwa uangalifu, huumiza na hata kuua.

Kwenye viwanda vikubwa magogo na mabaki hubebwa kwa mashine yenye makucha ya chuma. Makucha hayo hupata nguvu kutoka kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mipira. Mpira ukipasuka, mzigo unaweza kuanguka. Ukiwa kibarua mahali hapo, usipite chini ya mzigo. Simama mbali, mahali ambapo dereva anakuona. Usiguse mpira unaovuja. Mafuta yake yanaweza kupenya ngozi.

Kijijini makucha yetu ni mikono. Mkono hauoni msumari uliojificha kwenye ubao. Basi fanya hivi:

1. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Kandambili haizuii msumari.

2. Geuza ubao kwa fimbo kabla ya kuushika. Nyoka na nge hujificha chini yake.

3. Ng'oa misumari kwanza. Iweke ndani ya kopo. Usiitupe njiani.

4. Ubao mzito ubebwe na watu wawili. Wakati wa kuinua, kunja magoti, usipinde mgongo.

5. Watoto wasicheze kwenye rundo la mbao.

Kabla ya kuwasha moto, chagua kuni zako. Usipikie wala kubanikia samaki kwa mbao zenye rangi, lami au dawa, kama vipande vya nguzo za umeme. Moshi wake una sumu. Majivu yake pia yanaweza kuwa na sumu.

Je, msumari ukikuchoma utafanya nini? Usidharau kidonda kidogo. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na mavi ya ng'ombe. Msumari huviingiza ndani ya nyama. Jina la ugonjwa huu lina neno "pepo", lakini hauletwi na pepo. Wala hauletwi na kutu. Hata msumari mpya wenye udongo unaweza kukuambukiza.

Mara nyingi dalili huanza kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia. Taya hukaza. Kumeza huwa shida. Shingo na mgongo hukakamaa. Wengi hufa wasipopata matibabu mapema.

Kwa hiyo, osha kidonda kwa sabuni na maji safi mengi. Usipake mavi ya ng'ombe, majivu wala udongo. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mweleze mganga ulichanjwa lini mara ya mwisho. Usingoje taya likaze. Chanjo huzuia pepopunda. Hata aliyewahi kuugua akapona anahitaji chanjo, kwa sababu kuugua hakumpi kinga.

Leo jioni tazama rundo la kuni nyumbani kwako. Ng'oa misumari kabla mtoto hajaikanyaga.