Twende Australia kwa Redio

Betri zilizoanikwa juani tangu asubuhi sasa zimepata nguvu kidogo. Zirudishe ndani ya redio, sogeza kigoda, tufunge safari papa hapa Bariadi. Pasi haihitajiki wala nauli.

Tunakwenda Australia, nchi ambayo Waingereza waliingia kuikalia tangu mwaka 1788. Huko bara kunafanana na kwetu Meatu wakati wa kiangazi: ng'ombe, vumbi, na maji ya shida. Ila jirani wa karibu huweza kuwa mbali kama Bariadi na Mwanza! Zamani mke wa mfugaji huko aliuguza watoto peke yake.

Mwaka 1928 mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, John Flynn, alianzisha huduma ya daktari wa ndege katika mji wa Cloncurry. Lakini daktari ataitwaje pasipo simu? Fundi Alfred Traeger akatengeneza redio ya kupeleka ujumbe, iliyopata umeme kwa kukanyagwa miguuni, kama tunavyokanyaga cherehani. Baadaye majumba yakapewa sanduku la dawa zenye namba. Mama alieleza dalili, daktari akamjibu ampe mtoto kidonge cha namba fulani. Hapo tunaona hekima: asiyejua jina refu la dawa hakosei.

Kwetu sauti kama hiyo ni simu ya bure 115, ya mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga mwaka 2013 na kupelekwa nchi nzima kuanzia 2022. Mjamzito akizidiwa, hutafutiwa gari la kumfikisha hospitali. Iandikeni ukutani.

Saa za daktari zikiisha, akina mama wa Australia walipiga soga hewani. Soga hizo waliziita kwa jina la galah, kasuku wa huko mwenye makelele. Mapishi, mvua, watoto. Na umbeya pia, maana kila aliyefungua redio alisikia yote!

Mwaka 1951 ikaanza shule ya redio mjini Alice Springs. Eneo lake ni kubwa kuliko Tanzania nzima. Mtoto alisomea nyumbani, mama yake akiwa kando.

Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe, Waaborijini. Serikali, na hata misheni za makanisa, ziliwachukua watoto wao, hasa waliozaliwa na baba Mzungu, zikawalea mbali na mama zao na kuwakataza lugha yao. Katika mji uleule wa Alice Springs palikuwa na nyumba ya kuwaweka watoto kama hao hadi 1942, na uchukuaji wenyewe uliendelea nchini hadi karibu mwaka 1970. Yaani mtoto wa mlowezi alikuwa akisoma karibu na mama yake, na mwenzake hajui mama yake yuko wapi.

Tarehe 13 Februari 2008, waziri mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi bungeni. Wengi wa akina mama hao walikuwa wamekwisha kufa.