Kubadilisha Pedi za Breki za Skuta ya Chama

Chama cha ushirika kinaponunua skuta, chombo hicho huwa mali ya wanachama wote. Katibu anayekipanda kwenda benki au kuzungukia vijiji amekabidhiwa mali ya wenzake, na juu yake ameweka uhai wake mwenyewe. Vyote viwili hulindwa na kipande chenye unene wa milimita chache tu, nacho ni pedi ya breki.

Katika mwambao wa Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, kipande hicho huchakaa upesi. Mchanga wa njiani huingia kati ya pedi na diski na kuvisaga vyote viwili kama msasa. Hewa ya bahari huleta kutu, na pistoni ya breki ikishika kutu hairudi sawasawa, hivyo pedi huendelea kuikwaruza diski hata mpandaji asipofunga breki. Wakati wa masika, udongo mweusi wa huko hunata na kujaza matope kwenye magurudumu. Tena Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na mpandaji aweza kukutana na tembo au kuro katikati ya njia. Breki isiyoshika mahali kama hapo haileti hasara ya shilingi peke yake.

Dalili za kuchakaa

Pedi iliyokwisha hujulikana kwa mlio wa chuma kukwaruza chuma, au kwa mkono wa breki kuingia ndani kuliko kawaida. Lakini si vyema kungoja mlio. Pedi nyingi zimechongwa mfereji mdogo. Mfereji ukifutika, au unene wa pedi ukibaki chini ya milimita 2, zibadilishwe. Pedi ya mbele itazamwe kwanza, kwa kuwa skuta inapofungwa breki uzito mwingi huelemea mbele na breki ya huko hufanya kazi kubwa zaidi.

Namna ya kubadilisha

Kazi hii yaweza kufanyika nyumbani au uani kwa ofisi ya chama. Zahitajiwa spana za ukubwa unaofaa, bisibisi, koleo, brashi, kitambaa safi na pedi mpya mbili za aina iliyoandikwa katika kitabu cha skuta. Pedi hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kamwe si moja.

1. Skuta isimamishwe kwenye stendi, mahali pagumu na tambarare, na injini iwe imepoa.

2. Bolti zinazoshika kaliba, yaani kibanio cha breki, zifunguliwe, kisha kaliba ivutwe taratibu itoke kwenye diski. Isiachwe ining'inie kwa mpira wake. Ifungwe kwa kamba.

3. Pini itolewe na pedi za zamani ziondolewe. Tangu hapo mkono wa breki usiguswe, kwani ukibanwa, pistoni yaweza kuchomoka.

4. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Lisipulizwe kwa mdomo, maana baadhi ya pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu.

5. Pistoni isukumwe ndani polepole. Mafuta ya breki yatapanda katika kikopo chake, hivyo kikopo kiangaliwe yasije yakafurika, kwa sababu mafuta hayo hula rangi.

6. Pedi mpya ziwekwe kwa mikono isiyo na mafuta wala grisi, pini irudishwe, na bolti zikazwe barabara.

7. Mkono wa breki ubanwe na kuachiliwa mara nyingi mpaka uwe mgumu. Hatua hii isisahauliwe hata kidogo. Baada ya pistoni kusukumwa ndani, mbano wa kwanza haushiki kitu, na mpandaji anayeondoka bila kupampu huenda akagundua hayo akiwa tayari barabarani.

Siku za kwanza skuta iendeshwe kwa mwendo wa pole, na breki ifungwe taratibu mara kwa mara, ili pedi na diski zizoeane.

Skuta nyingi, hasa za zamani, hazina diski bali zina viatu vya breki ndani ya ngoma ya gurudumu. Hapo gurudumu hutolewa, viatu vyote viwili hubadilishwa pamoja na springi zilizolegea, kisha nati ya waya hurekebishwa mpaka gurudumu lizunguke bila kukwama.

Wajibu wa chama

Kama diski imechimbika, mafuta yanavuja au pistoni haisogei, kazi hiyo apewe fundi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu, na mwambao una unyevu mwingi. Ni vyema yabadilishwe kila miaka miwili.

Kila chama kingefanya vyema kuwa na daftari la skuta. Humo iandikwe tarehe ya kubadilisha pedi, kilomita zilizosomwa, bei na jina la aliyefanya kazi. Kwa daftari hilo kamati itajua pedi hudumu kilomita ngapi katika njia zake, na itaweka fedha za vipuri kabla ya haja kufika. Pedi iliyoachwa mpaka ikaisha huharibu diski, na diski ni ghali kuliko pedi mara nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hulipwa kwa fedha za wanachama.