Amana Isigeuzwe Bidhaa

Darsa ya Ramadhani iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri katika ukumbi wa jumuiya yetu, Minneapolis. Imenukuliwa kutoka kwenye kinasa sauti na kufupishwa kidogo.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.



Siku moja ya Ijumaa Mtume (S.A.W.) alikuwa amesimama akihutubia mjini Madina, msafara wa biashara ukaingia na shehena zake. Watu wakatoka kuukimbilia, wakamwacha amesimama. Imepokewa kwamba waliobaki walikuwa kumi na wawili tu. Aya ya mwisho ya Suratul Jumua inalitaja tukio hilo. Lakini aya iliyo kabla yake inatuambia kuwa sala ikiisha tutawanyike katika ardhi tukatafute fadhila za Mola wetu. Kwa hiyo biashara ni halali na ina heshima yake. Lawama imekuja pale ilipoachiwa kuvunja safu za mahali palipowekwa kwa kazi nyingine.

Wanazuoni wetu walilishughulikia jambo hili kwa mlango wa wakfu. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi kule Khaybar, mali aliyoithamini kuliko zote, alimwendea Mtume kutaka shauri. Akashauriwa aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake. Ardhi ile ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Mazao yakaenda kwa mafakiri, jamaa, wanaokombolewa utumwani, wasafiri na wageni. Msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia.

Wazee wetu wa pwani waliijua sheria hii kwa vitendo. Unguja na Mombasa, watu waliweka wakfu nyumba, maduka na mashamba ya minazi ili kodi na mavuno yatunze misikiti, visima na walimu wa Qur'ani, na baadhi ya nyumba zikawa makazi ya wasiojiweza. Duka lilikuwa duka kweli, na mpangaji alilipa. Ila faida ilikuwa na bwana wake: msikiti, mjane, yatima. Biashara ilikuwa mtumishi wa amana.

Mtumishi akigeuka bwana hutokea nini? Mfano hauko mbali nasi. Pale Riverside, karibu na mtaa wa Cedar-Riverside wanakoishi watu wengi wa Afrika Mashariki, ipo hospitali ya Fairview, ambayo wengi mnaifahamu. Taasisi hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Walutheri wenye asili ya Norwe, wahamiaji na watoto wa wahamiaji kama sisi, waliochangishana ili mgonjwa apate pa kulala. Hadi leo ni shirika lisilo la faida. Lakini mwezi wa Aprili 2012, Mwanasheria Mkuu wa Minnesota wakati huo, Lori Swanson, alitoa ripoti iliyoeleza kuwa kampuni ya kukusanya madeni, Accretive Health, ilikuwa imeingizwa ndani ya shughuli za hospitali hiyo, na wagonjwa walikuwa wakidaiwa fedha hata katika chumba cha dharura. Mwezi wa Julai mwaka huohuo kampuni ile ilikubali kulipa dola milioni 2.5 na kuondoka katika jimbo hili.

Miaka kumi na moja baadaye, 2023, ilibainika kuwa Allina Health, shirika jingine lisilo la faida lenye makao yake hapahapa Minneapolis, lilikuwa likiwanyima matibabu yasiyo ya dharura wagonjwa waliodaiwa dola 4,500 au zaidi, watoto wakiwamo. Baada ya lawama kuwa nyingi, mwezi wa Agosti likatangaza kuuacha utaratibu huo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria ya jimbo inakataza kumnyima mtu matibabu ya lazima kwa sababu ya deni lake.

Tufahamu uzito wake. Hospitali za namna hii husamehewa kodi kwa kuwa zimejifunga kuutumikia umma. Msamaha huo ni mchango wetu sote, na unafanana na wakfu. Nasi Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 280, inatuamuru kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki mpaka afarijike, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Na mjue haki yenu: sheria ya nchi inaitaka kila hospitali isiyo ya faida iwe na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wasioweza kulipa. Uulizieni kabla hamjakopa, na kabla hamjaogopa kurudi kwa daktari.

Mabadiliko kama haya hayaji kwa kishindo. Kwanza hubadilika jina. Uwanja uliofunguliwa mjini hapa mwaka 1982 uliitwa kwa jina la Hubert Humphrey, mtumishi wa umma. Mwaka 2009 jina la jengo la maduka likatangulizwa mbele ya jina lake. Ulipobomolewa, ukajengwa mahali pake uwanja wenye jina la benki, ingawa dola milioni 498 za gharama zilitoka kwa umma. Katika uwanja huo maelfu ya Waislamu walisali Idul Adh-ha mwaka 2018, na sala yao haina dosari kwa jina la jengo. Lakini baada ya jina hufuata hesabu, na baada ya hesabu hufuata mlango: swali la "nani ana haja?" hupisha swali la "nani analipa?" Kila hatua ina udhuru wake wa kweli, na kodi ya pango ni udhuru wa kweli.

Hapa sasa nakuja kwetu. Mnajua kuwa jumuiya imeletewa pendekezo: futari ya Jumamosi iwe ya tiketi, na meza za mbele ziwe za wafadhili, ili tulipe kodi ya ukumbi huu. Waliolileta ni watu wema, na deni tunalo. Sisemi tuyakatae mapato. Tukodishe ukumbi kwa harusi, tuuze vitabu na maandazi, tuwaombe wafanyabiashara watuchangie na tuwashukuru hadharani. Lakini sahani ya futari isiwekewe bei. Humu anaingia mwanafunzi asiye na jamaa, na mzee aliyefika majuzi kutoka kambini, ambaye hatatuambia kuwa hana dola kumi. Hatakuja tu, na sisi tutasema ukumbi umejaa.

Basi kila pendekezo la mapato tulipime kwa mizani ya Umar: asili imebaki? Aliyekusudiwa bado anafikiwa? Msimamizi anakula kwa wema? Yakijibiwa yote matatu kwa ndiyo, tufanye kwa baraka za Mwenyezi Mungu. Moja likikosa jibu, turudi tukae tutafute njia nyingine, hata kama ni ya taabu zaidi.

Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, awalipie wadaiwa wetu madeni yao, na atujaalie kuwa waaminifu wa amana. Amin. Wabillahi tawfiq.