Wahandisi wa roboti za kufungasha bidhaa walianzia wapi?

NAZI zinazotoka Ushongo, kijiji cha mwambao kusini mwa Mto Pangani, mkoani Tanga, hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia mlaji. Mmoja huangua, mwingine hufua, wa tatu hujaza viroba na wa nne hupakia garini.

Viwandani, kazi kama hizo mbili za mwisho ndizo ambazo katika nchi nyingi hufanywa na roboti. Kwa kijana wa Pangani anayependa hesabu na mashine, swali ni je, wabunifu wa mitambo hiyo walianzia wapi? Historia inaonyesha kuwa hawakupita njia moja.

Mmarekani George Devol hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1954 aliomba hataza ya mkono wa chuma unaohamisha vitu kwa kufuata maelekezo yaliyohifadhiwa ndani yake. Miaka miwili baadaye alikutana kwenye tafrija na Joseph Engelberger, msomi wa fizikia aliyependa hadithi za roboti za Isaac Asimov.

Ushirikiano wao ulizaa Unimate, roboti iliyoanza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors, New Jersey. Engelberger hakuchoka kuinadi. Mwaka 1966 aliipeleka kwenye televisheni, ikapiga mpira wa gofu na kumimina bia.

Mageuzi makubwa ya ufungashaji yalitoka Uswisi. Katika miaka ya 1980, Reymond Clavel, mhandisi wa taasisi ya teknolojia ya Lausanne, alitafuta namna ya kuokota kwa kasi vitu vidogo, kama chokoleti, na kuvipanga kwenye maboksi. Akabuni Delta, roboti yenye mikono mitatu inayoning’inia mfano wa buibui.

Siri yake ni wepesi. Mota zote hukaa juu, hivyo mikono haibebi uzito wake. Kamera hutazama bidhaa zikipita kwenye mkanda, kompyuta hukokotoa mahali kila moja ilipo, kisha vikombe vya mpira huifyonza na kuiweka kwenye boksi. Kazi hiyo yaweza kurudiwa zaidi ya mara 100 kwa dakika.

Nchini Tanzania, safari ya fani hiyo yaweza kuanzia vyuo vya VETA, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aidha, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, husimamia mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu kwa wahitimu kabla ya kusajiliwa.

Hata hivyo, roboti si jibu la kila kitu. Ni ghali, huhitaji umeme wa uhakika na vipuri, na hulipa pale tu bidhaa zinapokuwa nyingi na za umbo moja. Nazi za Ushongo hazilingani, hivyo mkono wa binadamu bado unaishinda mashine.

Lakini kwenye mifuko ya saruji ya kilo 50, mashine humwokoa mpakiaji mgongo huku ikimnyang’anya kibarua. Atakayeifahamu mapema ndiye atakayeitwa kuitengeneza itakapokwama.