Nyumba za Kariakoo na Haki za Warithi

Kila aliyeijua Dar es Salaam ya zamani, akipita leo Kariakoo katika Mtaa wa Sikukuu, au wa Mchikichi, au wa Narung'ombe, hakosi kustaajabu. Pale palipokuwa na nyumba ya chini yenye baraza, na bibi ameketi na sinia lake la vitumbua, sasa pana jumba la ghorofa nane au kumi. Chini maduka, juu maghala na vyumba vya kupanga. Wako wanaoyasifu mabadiliko hayo, na wako wanaoyalaumu. Sisi hatukukusudia kusifu wala kulaumu. Tumekusudia kuuliza neno moja: mwenye nyumba ile ya chini alipofariki, mjane wake na watoto wake walipata nini?

Vijana wetu yafaa wajue asili ya mahali hapa. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, kikosi walichokiita Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo Kariakoo. Baada ya vita watu wakapata viwanja, wakajenga. Nyumba zenyewe wengi mwazijua: mlango wa mbele, ujia ulionyooka mpaka uani, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, na huko nyuma jiko, choo na kisima au bomba. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyosalia akapangisha. Kwa kodi ya vyumba hivyo wajane wamekula, na mayatima wamesomeshwa. Wala wenye nyumba hawakuwa wanaume peke yao. Wanawake waliojenga kwa jasho lao hawakuwa wachache.

Soko kubwa alilolichora Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na biashara ya nje ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, Kariakoo ikawa duka la nchi nzima, na la jirani zetu wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro pia. Hapo kiwanja kikaipita nyumba kwa thamani. Kuta za udongo na chokaa hazikuwa na bei tena, lakini ardhi iliyo chini yake ilitafutwa kwa taa.

Sasa tazameni yanayotokea ndani ya jamaa. Tuseme mtu amefariki, wazazi wake walikwisha kumtangulia, ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mabinti watatu. Yakishatolewa ya maziko, na madeni (na mahari aliyobakiza ni deni kama madeni mengine), na wasia usiozidi thuluthi, mali yake hugawanyika mafungu manane: mke fungu moja, kila binti fungu moja, kila mwana wa kiume mafungu mawili. Asili ya hisabu hii imo katika Suratun Nisaa, na mtoto wa madrasa aliyefika hapo aiweza. Tena kama mke aliweka fedha zake mwenyewe katika ujenzi, sehemu ile si turathi kabisa; ni mali yake, hutolewa kwanza.

Lakini nyumba ina vyumba sita, na mafungu ni manane. Basi wenyewe husema, "Tuache kwanza, kaburi la baba halijakauka." Mwaka unapita, na kumi inapita. Kaka mkubwa anapokea kodi na kuila, kana kwamba kodi si ya wote. Binti mmoja anafariki Tanga na kuacha watoto wanne. Mwana wa pili anafariki na kuacha wake wawili. Warithi sita wamekuwa ishirini, wengine hawajuani kwa sura, na ile hisabu ya mtoto wa madrasa sasa yamtoa jasho mwalimu wake. Twasema kwa yakini kwamba ugomvi mwingi wa nyumba tunaoletewa haukuzaliwa na tamaa ya tajiri. Ulizaliwa na uzito wa kugawa mapema.

Ndipo tajiri naye anapobisha hodi. Maneno yake mara nyingi ni mazuri: nyinyi mna kiwanja, mimi nina fedha; nitavunja, nitajenga ghorofa, nyinyi mtapata sehemu yenu na mimi yangu. Mapatano ya namna hii si haramu, na wako jamaa waliotoka katika chumba kinachovuja wakaingia katika nyumba njema yenye kodi ya duka juu yake. Hatari iko katika karatasi. Kaka hutia sahihi peke yake, shangazi huambiwa, "Wewe umeolewa, una kwako," na mjane huhamishiwa Chanika au Mbagala kwa mwaka mmoja, unaogeuka kuwa miaka sita. Jengo likisha, sehemu yao ni ghorofa ya juu kabisa isiyofikiwa na maji, na maduka ya chini yenye kodi kubwa ni ya mwingine.

Kwa hiyo kabla nyundo haijainuliwa, jamaa waende kwanza Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, na majina ya warithi wote yaandikwe, wa kike kwa wa kiume, aliye Maskati na aliye Mwananyamala. Msimamizi si mrithi wa wote. Ni mwenye kubeba amana. Mkataba na useme ghorofa ya ngapi, mlango upi, kwa miaka mingapi. Useme mjane atakaa wapi muda wa ujenzi na nani atamlipia kodi. Useme ni nini kitakachofanyika kazi ikisimama katikati. Na kwa kuwa Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo yaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, hati hizo zidaiwe. Kwa njia hiyo yale mafungu manane yaliyoshindwa kuingia katika vyumba sita huenda yakapata mahali pake. Wenye waume walio hai nao wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Wengi hawajui, na baadhi ya waume wapenda wasijue.

Pale Magomeni, karibu tu na Kariakoo, wakazi wa nyumba za kota waliondolewa, nyumba zikabomolewa, wakahangaika miaka mingi. Hata hivyo kaya zao zilikuwa zimeandikwa, 644 kwa idadi, na magorofa yalipozinduliwa mwaka 2022 ilijulikana ni nani anayestahili kuingia. Orodha ile ndiyo iliyowaokoa. Nyumba ya mtu binafsi haina orodha isipokuwa ile itakayoandikwa na wenyewe.

Wako na wengine wenye haki, nao si warithi: majirani. Machi 2013 jumba la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka, wakafa watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, likaanguka jengo la ghorofa nne Kariakoo kwenyewe, wakafa zaidi ya 20, wengi wao watu waliotoka nyumbani kutafuta riziki ya siku. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Nasi twamwambia mwenye kiwanja: kibao cha mkandarasi na mhandisi hakiwekwi mbele ya ujenzi kuwa pambo. Kisome, uliza kibali ni cha ghorofa ngapi, kisha uhesabu. Ikiwa kibali ni cha sita na mafundi wamo katika ya nane, jina lililo katika hati ya kiwanja ni lako, na msingi unaotikisika ni wa jirani yako pia.

Hata jengo lisiloanguka laweza kumdhulumu jirani. Uani ndipo wanawake wetu wanapopika, wanapofua na kusuka nywele, na wamejiachia kwa kuwa wamo ndani ya ukuta wao. Leo madirisha arobaini yatazama uani mwao. Mafakihi wa zamani waliizungumza sana haki ya mtu kutochunguliwa nyumbani mwake, nao hawakupata kuona ghorofa kumi. Dirisha la upande huo laweza kuinuliwa juu ya kimo cha mtu, au kutiwa nakshi za matofali zinazopitisha hewa na kuzuia jicho. Hapana gharama kubwa hapo, illa mchoraji aambiwe mapema.

Na liko jambo ambalo hatujamsikia tajiri yeyote akilitaja, nalo ni maiti. Katika nyumba ya chini maiti alioshwa uani, wanawake wakakaa ndani, wanaume wakatandikiwa mikeka barazani mpaka barabarani. Katika ghorofa ya saba maiti ataoshewa wapi? Ngazi nyingi ni nyembamba, zina kona kali, na tumepata kuona jeneza likisimamishwa wima kama kabati ili lipite, huku mtoto wa marehemu akitazama. Lifti, ikiwapo na umeme ukiwapo, ni fupi kuliko jeneza.

Twaijua jamaa moja ambayo warithi wake walishikilia neno hilo kabla ya kutia sahihi. Walitaka chumba kimoja cha chini, upande wa nyuma, chenye bomba, mfereji wa maji machafu na mlango mpana, kisipangishwe. Tajiri alikataa, akasema hilo ni duka zima linapotea. Shangazi mtu mzima, mwenye fungu moja tu katika manane, akasema bila chumba hicho hatii dole gumba. Walikaa miezi mitatu hivyo. Chumba kipo, alasiri watoto wa ghorofa zote husoma humo, na siku ya msiba masomo huahirishwa, mikeka ikaachwa palepale ilipo.