Arobaini ya mzazi: Shika mapumziko, ila usikose kliniki

Rafiki yako akijifungua leo, kabla hata hajatoka wodini ushauri umeshaanza kumiminika. Shosho anataka maji moto, mama mkwe anauliza leso ya kufunga tumbo iko wapi, jirani naye keshachemsha uji. Ashike lipi, aache lipi?

Pwani, mzazi hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji moto, hufungwa tumbo na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Kwa Wakikuyu, sahani yake ni njahi, inayoaminika kuongeza maziwa. Kwingineko, uji wa wimbi haukosi.

Usizicheke mila hizi. Siku 40 zinakaribia wiki sita, muda ambao nyumba ya uzazi huchukua kurudia ukubwa wake wa kawaida. Wimbi nalo lina madini ya chuma na kalsiamu. Zaidi ya yote, arobaini ilileta watu: huyu anapika, yule anafua, mwingine anabeba mtoto ili mama alale. Mjini, mama wa chumba kimoja anabaki na leso tu, wasaidizi hawapo.

Lakini kuna pa kusema zii. Maji moto yasimwagwe kwenye kidonda cha upasuaji wala penye nyuzi. Kukaa ndani kusimzuie kwenda kliniki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mama na mtoto wakaguliwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha angalau mara tatu zaidi hadi wiki ya sita.

La kuogopwa zaidi ni damu. Wengi huambiwa, "Wacha uchafu utoke." Ni kweli damu hutoka kwa wiki kadhaa, lakini inafaa iwe ikipungua. Ikilowesha pedi nzima kwa saa moja au kutoka na mabonge makubwa, usingoje kuche. Vivyo hivyo akiwa na homa, kichwa kikimuuma sana, akianza kuona ukungu au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hivyo, ukienda kuona mtoto, usikae ukingoja chai. Osha vyombo, fua nepi, kisha umuulize mama anavyojisikia. Na kama wewe ndiwe baba na umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya wiki mbili yenye malipo. Itumie nyumbani.